Ng'ombe wa Mama, Nyumba ya Kanye

Kanye, 9 Machi 1997

Mjomba wangu Selebatso,

Nakuamkia, Rra, wewe na mkeo Mma-Bonang na wote mlio huko malishoni. Sisi huku tunapumua. Mvua imetunyima tena. Mtama wa shamba la marehemu mama ulifika magotini ukakata tamaa. Binti yangu Tshiamo amepata kazi kliniki, anaandika majina ya wagonjwa, na tangu apate mshahara ananisahihisha hata namna ya kushika kikombe. Mimi nashona sare za shule kama kawaida, mgongo unalalamika na mimi nauambia unyamaze. Mke wa mwanao Bonang vipi? Nasikia ni mchapakazi.

Sasa neno lenyewe, maana nimelizunguka mpaka ukurasa unaisha. Rra-Tshiamo, mume wangu Molefhi, anataka talaka.

Alikuja Ijumaa kutoka mgodini Jwaneng, kwa yule mwanamke wake, akala, akanawa, akaweka bahasha mezani. Nikamuuliza, "Hii nini?" Akasema, "Soma. Wewe ndiye uliyesoma." Kisha akatoka kwenda kuangalia gari lake. Mjomba, miaka kumi na saba, na nimeachwa kama mtu anayeletewa bili ya maji.

Nimekwenda Lobatse kuonana na wakili, binti mdogo, jina lake Mma Sebina. Swali lake la kwanza: "Mlioana kwa mali moja au kila mtu na yake?" Nikasema sijui, mimi niliolewa tu. Akatafuta, akanionyesha karatasi tuliyosaini mbele ya mkuu wa wilaya. Nikakumbuka. Karani aliuliza, "Mali moja?" Nikacheka, nikaona ananiuliza kama nampenda Molefhi. Nikasaini haraka kuliko Molefhi mwenyewe.

Basi mali moja maana yake hiyo hapo: nyumba, fedha zake za mgodini, cherehani yangu, hata deni la gari ambalo sijawahi kulipanda hadi kanisani, vyote viko katika chungu kimoja na vitakatwa katikati.

Mimi sitaki mengi. Nataka nyumba. Kile chumba cha kushonea nilikikandika mwenyewe kabla hatujapata matofali, unakumbuka. Wateja wananijua kwa geti lile. Nikitoka pale sina pengine pa kuanzia katika umri huu.

Wewe ndiye uliyekaa mbele kunisemea siku waliponiposa. Baba hana ndugu aliye hai na mama hakuzaa mvulana. Njoo, Rra, uwaite watu wa Molefhi tuzungumze kabla ya mahakama.

Mpwa wako,
Kelebonye


Kang, 27 Aprili 1997

Mpwa wangu Kelebonye,

Barua yako ilikaa dukani kwa Mhindi hadi dereva wa lori alipokumbuka kuwa mimi bado niko hai. Tunakusalimu. Huku ni vumbi tu. Goti langu la kushoto limejitangazia uhuru wake, halinitii tena. Mke wa Bonang ni mzima, anapika uji wa tikiti mpaka mtu anasahau heshima na kulamba bakuli. Mwambie Tshiamo kikombe nashika ninavyotaka.

Habari yako imeniumiza. Molefhi nilimpa mke kwa mkono wangu, na leo ananirudishia kwa bahasha. Lakini, mwanangu, wanaume wa mgodini hupata wazimu wa fedha ukapita. Umevumilia miaka kumi na saba, ongeza kidogo. Yule wa Jwaneng atamchoka.

Kuja siwezi sasa. Goti, na kisima kimeharibika, na ng'ombe hawaachiwi vijana.

Nikuambie jambo moja. Wale ng'ombe aliokupa mama yako siku ya arusi, waliobaki kwangu, usiwataje kwa mawakili. Wale si mambo ya mahakama. Walipigwa chapa yangu, zizini kwangu, ni mambo ya ukoo. Nyamaza kabisa juu yao.

Mjomba wako,
Selebatso


Kanye, 18 Mei 1997

Mjomba wangu mpendwa,

Pole na goti. Nimekutumia dawa ya kuchua kwa dereva, isipofika ujue amejichua yeye. Hapa baridi imeanza. Mke wa mchungaji amejifungua pacha, na mchungaji anatembea kama aliyewazaa yeye. Tshiamo ana kijana wa Moshupa anayemsindikiza kutoka kazini; najifanya sioni.

Mjomba, umechelewa. Nimeshawataja.

Mma Sebina aliniapisha. Alisema, "Mama, andika kila kitu, hata sufuria. Ukificha na wakagundua, jaji hatakuamini tena hata ukisema jina lako." Nikaandika: ng'ombe sita niliopewa na mama, 1980, na uzao wao, wanatunzwa na mjomba wangu Kang. Idadi sikuandika. Ningeijuaje? Sijawahi kuingia zizini kwako, na mtu hamuulizi mwanamume ng'ombe wake ni wangapi. Nikasema ni wengi. Miaka kumi na saba, lazima ni wengi.

Sasa wakili wa Molefhi ameleta pendekezo. Anasema nyumba na ng'ombe ni karibu sawa. Mmoja achukue nyumba, mwingine ng'ombe wote, tusiuze kitu. Na nimepewa mimi kuchagua kwanza! Nilipotoka pale nilitaka kurukaruka, Rra. Nachagua nyumba. Molefhi atakuja huko na barua ya mahakama achukue ng'ombe, aende nao anakotaka. Inaniuma, ni jasho la mama, lakini ng'ombe siwezi kulala ndani yao wakati wa mvua.

Nakuandikia kwa heshima tu, ili asije akakushtukiza. Wakili anangoja jibu langu Julai.

Wako,
Kelebonye


Kang, 25 Mei 1997

Kelebonye,

Nimemlipa dereva ili barua hii ikufikie upesi.

Usifanye hivyo! Umesikia? Hata kidogo. Huyo mtu alale na mwanamke mwingine, halafu aje kwangu na karatasi aswage ng'ombe wa dada yangu mbele ya macho yangu? Mimi niwe nimesimama getini nimeshika kofia? Mama yako atageuka kaburini.

Chagua ng'ombe. Nyumba ni matofali na mabati, inazeeka kila mwaka. Ng'ombe anazaa. Mwanamke mwenye ng'ombe hata akiwa mjane, hata akiachwa, watu humwita Mma kwa sauti nzuri. Mwachie Molefhi nyumba, aingie na huyo wake, paa liwavujie. Wewe utajenga nyingine, nami nitakusaidia kupata kiwanja.

Halafu unaandika "lazima ni wengi". Tangu lini zizi la mwanamume likahesabiwa kwa barua? Nani amekufundisha, huyo wakili mtoto? Nimekusamehe kwa sababu una msiba.

Nilikaa mbele kwa ajili yako siku ya posa. Nisikilize na leo.

Mjomba wako,
Selebatso


Kanye, 22 Juni 1997

Mjomba wangu,

Nisamehe. Nilikosa adabu na nimeona haya tangu niliposoma. Sikukusudia kuhesabu.

Hapa tu wazima. Maji ya bomba yameganda asubuhi mbili. Nimeshona makoti ya shule mpaka vidole vimekufa ganzi, na kila nikiinua kichwa naona ukuta wa chumba changu, na nashindwa kumwandikia wakili.

Molefhi alikuja jana. Nikamwambia huenda nikachagua ng'ombe. Unajua alifanyaje? Alicheka. Akasema, "Chukua, chukua! Chukua ng'ombe wa mjomba wako, wala sikuzuii." Nikamuuliza anacheka nini. Akasema, "Nafurahi tu kwamba tumeelewana, Mma-Tshiamo." Hajaniita hivyo kwa upole tangu mwaka juzi. Sikupenda kicheko kile.

Mjomba, sitaki idadi. Nataka neno moja. Niandikie: wapo. Ukisema wapo, nitakuamini wewe kuliko nafsi yangu, nitasaini, nyumba iende.

Nakungoja. Tafadhali.

Kelebonye


Kang, 13 Julai 1997

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwa wote. Dawa ya kuchua ilifika nusu chupa, kwa hiyo dereva sasa ana goti zuri. Mma-Bonang anakohoa usiku lakini anakataa kliniki, anasema huko ndiko wanakokufa watu. Kisima kimetengenezwa. Mbweha amekula wana-mbuzi.

Unaniuliza kama ng'ombe wapo. Je, mimi nipo? Kama mjomba wako yupo, unauliza nini tena? Mama yako hakuniuliza neno hilo hata siku moja. Aliniachia kamba mkononi akarudi nyumbani kupika. Ndivyo watu wanavyoishi.

Molefhi acheke. Atacheka na kulia.

Saini, mwanangu, uache kujitesa.

Mjomba wako,
Selebatso


Kanye, 7 Septemba 1997

Mjomba wangu,

Imekwisha. Tulikwenda Mahakama Kuu Lobatse wiki iliyopita. Nilidhani nitalia, wala sikulia. Jaji aliuliza kama tumekubaliana kwa hiari, tukasema ndiyo, wote wawili, kwa sauti moja, kama siku ile mbele ya mkuu wa wilaya. Kazi ya muda wa kunywa chai. Mma Sebina aliniuliza mara ya mwisho pale mlangoni: "Mama, hao ng'ombe umewaona?" Nikamjibu, "Mjomba wangu ni mtu mzima." Akaniangalia, akakusanya karatasi zake.

Nyumba ni ya Molefhi. Nimepewa hadi mwisho wa Oktoba kutoka. Nimeanza kufunga vitambaa kwenye mashuka. Tshiamo amepima kiwanja cha kuomba karibu na kliniki, naye anasema tukiuza madume machache tutapata chumba kimoja kabla ya Krismasi, halafu kingine taratibu. Anachora ramani nyuma ya fomu za wagonjwa. Ameniwekea chumba cha kushonea chenye madirisha mawili.

Niambie nije lini, au watu wa kununua waje huko wenyewe? Mimi sijui biashara ya ng'ombe, utaniongoza.

Binti yako,
Kelebonye


Kanye, 19 Oktoba 1997

Mjomba,

Sijapata jibu. Labda lori limeharibika. Mu wazima huko? Mma-Bonang kifua chake vipi?

Mwisho wa mwezi umekaribia. Yule wa Jwaneng amekuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia, na mimi nikiwa ndani. Alinisalimia vizuri.

Kama sitapata barua nitakuja mwenyewe.

Kelebonye


Kang, 4 Novemba 1997

Mjomba,

Naandikia kwenye kaunta ya duka unakopokelea barua zako, na nitaiacha hapa hapa.

Nilifika kwako jana, ukawa umeondoka asubuhi. Wamesema umefuata ng'ombe waliopotea. Ng'ombe gani, Rra?

Nimeingia zizini. Mimi, mwanamke, nimeingia mpaka katikati na hakuna aliyenifukuza. Mavi yamekauka yamekuwa unga. Kuna mbuzi wako na punda mmoja mzee.

Mma-Bonang alinipa maji, kisha akashindwa kujizuia. "Kelebonye, kwani hukuambiwa? Kiangazi kilichukua wengi, wako na wetu. Waliobaki ndio waliokwenda kwa wakwe, Bonang alipooa."

Nikamwambia, "Lakini hao walikuwa wangu."

"Mjomba wako alisema utarudishiwa. Alisema mtoto wa dada hadai. Na wewe si ulikuwepo, mama? Si uliimba mpaka sauti ikakauka?"

Ni kweli. Nilikuwepo. Nilitembea na wanawake nyuma ya ng'ombe wale mpaka kwa wakwe zenu, nikipiga vigelegele. Nilisema hata, angalieni madume ya mjomba wangu! Molefhi alikuwa pembeni yangu siku ile. Nadhani mtu alimnong'oneza baada ya lile pendekezo, au alikaa akahesabu vizuri kuliko mimi.

Nimezisoma tena barua zako zote. Hujaandika popote kwamba wapo. Ulikuwa mwangalifu, lazima nikusifu. Lakini ulinisukuma nichague hewa, ili Molefhi asije kwako akakuta zizi tupu. Uliokoa uso wako kwa nyumba yangu. Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi, samahani kwa mwandiko.

Sasa nisikilize. Nimempigia simu Mma Sebina kutoka posta. Anasema mlango haujafungwa kabisa. Ukienda polisi hapa Kang ukaapa kwamba ng'ombe hawakuwepo kabla mimi sijasaini, anaweza kumwomba jaji yale makubaliano yafunguliwe upya, na nyumba igawanywe. Nusu ya nyumba, Mjomba, ni chumba changu. Lakini awe na karatasi hiyo kabla mahakama haijafungwa kwa Krismasi, kwani Molefhi ameshaanza kutafuta mnunuzi.

Ni ukurasa mmoja. Sikupeleki kortini, sitaki urudishe kitu. Sema tu ukweli mbele ya askari mmoja, utie saini.

Kelebonye


Kang, 21 Desemba 1997

Mpwa wangu Kelebonye,

Tunakusalimu kwa heri ya Krismasi. Mvua imekuja, tena mvua yenyewe hasa, mabwawa yamejaa na vyura hawatuachi tulale. Mke wa Bonang amejifungua mvulana. Ana kichwa cha ukoo wetu, maskini. Wakwe wanakuja kumwona mtoto baada ya sikukuu, watu wengi, na Mma-Bonang anapiga chokaa nyumba yote pamoja na kifua chake kile.

Barua uliyoacha dukani nimeipata. Mwenye duka aliitoa mbele ya watu.

Mwanangu, kuapa mbele ya polisi ni mambo ya wezi. Mimi nina miaka sitini na tisa. Kang hapa ni padogo. Askari akiandika asubuhi, jioni wakwe wa Bonang wanajua mahari yao ilitoka zizi la nani. Watamwangaliaje huyu mtoto? Usinitake nijivue nguo mbele ya wakwe zangu.

Mengine tutazungumza tukionana.

Nimekutumia mbuzi wawili kwa lori, jike na dume. Watunze, watazaa.

Mjomba wako,
Selebatso


Kanye, 1 Februari 1998

Mjomba wangu Selebatso,

Nakuamkia, Rra. Tunashukuru kwa mvua na tunampokea mtoto kwa furaha. Mbuzi walifika. Kwa kuwa hapa hatuna pa kuwafunga, tuliwauza njiani tukalipa kodi.

Tumepanga chumba nyuma ya duka la vipuri. Cherehani iko kati ya kitanda na jiko. Januari ndio msimu wa sare, unajua, lakini wateja wangu walikwenda kwenye geti la zamani, nalo sasa lina watu wengine. Molefhi ameuza. Mma Sebina ameniandikia kwamba hakuna la kufanya tena na amelifunga faili. Alikuwa na adabu, hakusema, "Si nilikuambia?"

Lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Watu wa yule kijana wa Moshupa wametuma ujumbe. Watakuja Ijumaa ya mwisho ya Aprili kumposa Tshiamo, na wameuliza mjomba wa kuzungumza naye ni nani.

Tshiamo amekataa. Alinifokea hapa mpaka mwenye duka akagonga ukuta: "Yule mzee? Aje kukaa mbele kwa ajili yangu? Heri niolewe kama mtu aliyeokotwa!" Nikamwambia anyamaze. Hajui anachosema. Amebaki na mama mpangaji na baba aliyehamia kwa wengine. Akiolewa bila mtu wa ukoo wa kumsemea, watamkumbusha kila siku ya maisha yake, hata akipika vizuri. Nimetafuta kichwani, Mjomba, nimewapitia wote walio hai, hayupo mwingine.

Kwa hiyo njoo. Nauli nitatuma kwa dereva. Ukifika usinieleze chochote, wala usiniombe msamaha, sina pa kuuweka chumbani humu. Nitakuwekea kiti mimi mwenyewe, na mbele ya watu nitakuita mjomba.

Kelebonye